Mwanangu Alipotaka Kuwa Rubani

Jioni moja, tukiwa tumeketi nje ya nyumba yetu hapa kambini Naguru, kijana wangu wa kwanza alinambia, "Baba, nataka kuwa rubani." Mama yake alitabasamu. Mimi nilinyamaza, kwani nilijua kuwa neno lile lilikuwa na bei, na bei yenyewe ni kiwanja chetu cha pekee, tulichokinunua kwa akiba ya miaka ishirini ya utumishi wangu katika polisi.

Sikumkataza. Tulianza kuuliza wenye kujua. Tuliambiwa kuwa Chuo cha Urubani cha Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya Afrika ya Mashariki nzima, hufundisha marubani na pia mafundi wa ndege. Leseni ya rubani wa kuajiriwa huhitaji kiasi cha saa 200 za kuruka. Lakini atakaye kuwa nahodha wa ndege kubwa ya abiria hana budi kufikisha saa 1,500. Hapo ndipo nilipong'amua palipo na shimo: mwenye shirika humtaka aliyekwisha kuruka sana, na kijana hawezi kuruka sana asipoajiriwa.

Nilimkumbusha pia yaliyopita. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977. Shirika la Ndege la Uganda lilifungwa mwaka 2001, lisiruke tena hadi Agosti 2019. Waliohitimu katika miaka ile hawakuwa na shirika la taifa la kuwapokea. Naam, mshahara wa rubani ni mnono, lakini huanza siku ya kuajiriwa, wala si siku ya kupata leseni.

Kijana aliinamisha kichwa. Nilijiona nimemvunja moyo. Ndipo mama yake aliposema, "Baba Okello, kabla ya kuuza hata shubiri moja ya ardhi, mwanao apimwe macho, masikio na moyo. Wasipompa cheti cha afya, mnabishania nini?"

Alipimwa, akafaulu. Tuliuza nusu ya kiwanja; nusu tumeiacha kwa ajili ya wadogo zake. Naye ameahidi kwamba kazi ya urubani ikichelewa, atajifunza ufundi wa ndege.

Wazazi wenzangu, tusiwazuie watoto wetu kuruka. Ila tuwaonyeshe kwanza mahali pa kutua.