Njia ya Haydom kwa Mwanafunzi wa Utabibu

Baadhi yenu mna vijana wanaosoma utabibu katika vyuo vya Nairobi na Eldoret, nanyi mwajua ya kuwa wengi wao hupata nafasi ya kwenda majuma kadhaa kujifunza kazi katika hospitali ya nchi nyingine. Kijana akiulizwa aende wapi, hutaja Ulaya. Akikosa Ulaya hutaja mahali penye pwani nzuri. Mimi nataka kumwonyesha njia ya Haydom, katika Tanzania, na kueleza kwa nini safari hiyo yataka kutengenezwa nusu mwaka kabla ya kupanda gari.

Njia yenyewe ni hii. Kutoka Nairobi waenda Namanga, wavuka mpaka, wafika Arusha. Yafaa kulala hapo. Asubuhi washika barabara ya Dodoma hata Makuyuni, wageuka kulia, wapita Mto wa Mbu, kisha gari lapanda ukingo wa Bonde la Ufa kwa kona nyingi, na Ziwa Manyara laonekana chini mkono wa kushoto. Hata ufikapo Karatu, watalii huendelea mbele kwenda Ngorongoro. Wewe waiacha njia yao, waelekea kusini kwenda Mbulu, kati ya vilima na mashamba ya Wairaqw, na toka Mbulu wasonga mbele mpaka Haydom. Mvua kubwa za Machi hata Mei zaweza kumchelewesha msafiri sana, kwa hiyo miezi hiyo isichaguliwe pasipo sababu.

Hospitali ilifunguliwa mwaka 1955 na misheni ya Kilutheri ya Norway. Leo ni ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Mbulu, na ina vitanda zaidi ya 400, mahali ambapo mtu angetazamia kuona zahanati tu. Katika benchi moja la wagonjwa waweza kukuta watu wa lugha nne zisizo na ukoo mmoja: Wairaqw, ambao lugha yao ina ujamaa wa mbali na Kisomali, Wadatooga, ambao lugha yao ni ya ukoo wa Kikalenjin, Wanyiramba, ambao ni Wabantu, na Wahadzabe wa Bonde la Yaeda na Ziwa Eyasi, ambao husema kwa kualisha ulimi. Sijui mahali pengine penye benchi kama hilo.

Basi kijana asidhani Kiswahili chake cha Nairobi kitamtosha. Ajifunze mapema kwamba kichomi ni ugonjwa wa mapafu, kwamba kifafa cha mimba si kifafa kile cha kila siku, na kwamba mama akisema mtoto ana degedege, asema mtoto hushikwa na kutetemeka mwili mzima. Tena wapo wengi katika Tanzania wanaoiona degedege kuwa kazi ya mganga wa kienyeji kwanza na ya hospitali baadaye. Kwa hiyo swali lifaalo ni hili, liulizwe kwa upole: "Mama, kabla ya kuja hapa mlipita wapi, na mtoto alipewa nini?" Akilaumiwa, atanyamaza, na dawa aliyonyweshwa mtoto haitajulikana.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mwaka 2010 wafanyakazi wa Haydom walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua: kumkausha, kumsugua mgongo, na asipoamka, kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika ya kwanza haijaisha. Walipojaribiwa kwa mwanasesere walifanya vizuri kuliko kwanza. Lakini walipotazamwa katika chumba cha kuzalia, pamoja na watoto wenyewe, kazi ilikuwa karibu ile ile ya zamani. Ndipo mwaka 2011 ikawekwa desturi nyingine: mwanasesere awe karibu, na wakunga wajizoeze kwa dakika 3 hata 5 tu, lakini mara kwa mara. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikapungua kutoka 11.1 hata 7.2 katika kila watoto 1,000. Watu walikuwa wale wale na mafunzo yale yale. Kilichozidi ni kurudia.

Kijana anayekwenda kwa majuma 2 ni kama mafunzo yale ya siku moja. Aombe majuma 6, au 8 akipewa, naye akifika amtafute mkunga wa zamu, asimame naye mbele ya mwanasesere, akubali kusahihishwa. Wako vijana wanaoona haya kufundishwa na mkunga. Hao wabaki kwao.

Tena usiku watu wa zamu ni wachache, na mgeni mwenye koti jeupe hudhaniwa ni daktari. Mama aliyetoka Yaeda hawezi kumwuliza yuko mwaka wa ngapi. Lile asiloruhusiwa kulifanya peke yake Eldoret asilifanye peke yake Haydom, hata akiombwa, maana atakayeumia ni mama huyo na mtoto wake. Na akumbuke ya kuwa Haydom kuna chuo chake cha afya. Wanafunzi wa pale wana haki ya kwanza mbele ya kitanda cha mgonjwa.

Matengenezo yaanze kwa barua kwa hospitali, ikieleza mwaka wake wa masomo na aliyokwisha kufanya kwa mkono wake. Mkenya huvuka mpaka pasipo viza, lakini kuvuka si idhini ya kushika wagonjwa. Aulize ni vibali gani vinavyompasa. Sindano za homa ya ini aina ya B ni 3, na ya tatu hufuata mwezi wa 6 baada ya ya kwanza. Ndiyo sababu nilitaja nusu mwaka. Ya homa ya manjano ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya safari. Tangu 2016 cheti chake chadumu maisha yote. Aulize pia dawa za kuzuia UKIMWI hutunzwa wapi, maana aliyechomwa na sindano iliyotumika yampasa kuzianza upesi, wala zisipite saa 72.

Achukue na sweta. Haydom iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai una baridi kali kuliko wageni wanavyodhani.