Kwa nini naomba Makerere



Tangu nimalize shahada ya baiolojia Mbarara, wazee wa Nakivale wananiuliza jambo moja tu: "Mwanetu, Marekani unakwenda lini?" Walisikia nataka kuandika habari za sayansi, na kweli kazi hiyo ina shule zake huko. MIT wana programu ya mwaka mmoja, New York University wana ya miezi 16. Mwanafunzi hufundishwa kuisoma ripoti ya utafiti na kumhoji mtaalamu bila kumwogopa. Ni shule nzuri, sizibezi.

Ila mimi nilianza na swali jingine: nitamwandikia nani?

Mbarara kuna kituo cha utafiti cha Epicentre, cha Madaktari Wasio na Mipaka, tangu 1996. Mji huo ulishiriki katika utafiti mkubwa wa malaria kali kwa watoto 5,425 wa nchi 9 za Afrika, uliolinganisha kwinini na atesuneti. Matokeo yalitoka 2010: kwa kwinini walifariki asilimia 10.9, kwa atesuneti asilimia 8.5. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likaagiza watoto wapewe atesuneti.

Sasa jirani yangu hapa kambini, mtoto wake mkubwa alitundikiwa kwinini zamani, mdogo akachomwa atesuneti. Yeye akaamini kwamba dawa nzuri zimekwisha na wakimbizi tunapewa masalio! Utafiti ulifanyika hapo Mbarara, na hakuna aliyemweleza kwa Kiswahili.

Makerere ina shahada ya pili ya uandishi wa habari na mawasiliano. Si ya sayansi peke yake, na hilo ni pungufu la kweli. Nakusudia kuliziba kwa tasnifu yangu, niandike jinsi habari za tiba zinavyowafikia, au kutowafikia, wakimbizi. Ada ndiyo mlima. Ufadhili wa DAFI, ulioanza 1992, hulenga shahada ya kwanza, kwa hiyo nitafundisha huku nasoma, inshaallah.

Mama hajaridhika. Kwake, mtoto anayeweza kujaribu mlango wa kutoka kambini akauacha amewafungia na wadogo zake. Nimemjibu mara tatu, na mara zote tatu amenyamaza.

Fomu naipeleka Kampala wiki ijayo. Nauli amenipa yeye.

Wassalaam.