Njia ya Kurudi

Mwezi Juni 1998, watoto walipofunga shule, nilitimiza ahadi ya miaka mingi ya kuwapeleka kuyaona Maporomoko ya Victoria, kule Livingstone, Zambia. Tulikuwa watano: mimi, mama watoto, watoto wetu wawili, na baba yangu mzazi aliyekuwa amefikisha miaka 60. Kusema kweli, Mzee sikumchukua kwa ajili ya maporomoko. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, nami sikupenda kumwacha peke yake nyumbani. Yeye aliuliza swali moja tu: "Tunakwenda kwa reli?" Nikamjibu ndiyo. Akaenda kutafuta koti lake.

Reli yenyewe ni TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, na Baba alikuwa mmoja wa maelfu ya Watanzania walioshika sururu na chepeo. Kambi yake ilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, mahali ambapo njia inapanda kutoka bonde la Kilombero kwenda nyanda za juu, ikipita daraja baada ya daraja na handaki baada ya handaki. Sisi wanawe tulikua tukizisikia habari hizo mpaka zikatuchosha.

Treni iliondoka Dar es Salaam alasiri, hivyo milima ile tuliipita usiku. Mnamo saa nane niliamka nikamkuta Mzee ameketi, paji la uso limegusa kioo cha dirisha.

"Lala, Baba," nikamwambia. "Giza lote hili, hakuna cha kuona."

Hakubisha. Alijilaza, akavuta shuka.

Kutoka Kapiri Mposhi tulipanda basi hadi Lusaka, na kutoka huko jingine hadi Livingstone. Ukungu wa maporomoko tuliuona tukiwa bado mbali, umesimama juu ya miti kama moshi wa shamba linalochomwa. Wenyeji huyaita Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unaonguruma, na binti yangu alifurahi kugundua kwamba neno la kwanza halikuhitaji mkalimani. Livingstone alipofika hapo mwaka 1855 aliyapa jina la malkia wake, lakini jina yalikuwa nalo tayari.

Msomaji, mto Zambezi pale una upana wa mita zipatazo 1,700, nao wote unaanguka kwa pamoja kwenye ufa wenye kina cha zaidi ya mita 100. Tulilowa kama tulionyeshewa na mvua ya masika. Mdogo wetu alimvuta Mzee mkono akamwuliza kwa sauti kubwa, "Babu, usiku huwa wanayafunga?" Nilikuwa na filamu moja ya picha 36. Niliimaliza yote pale, siku ile ile.

Mzee alisema, "Mungu mkubwa," kisha akageuka kulitazama daraja la reli lililojengwa mwaka 1905 juu ya korongo. Alilitazama muda mrefu kuliko alivyoyatazama maji. "Waliolifunga hili," akasema, "walikuwa wananing'inia wapi?" Sikumjibu. Nilikuwa natafuta pembe nzuri ya kupiga picha.

Wakati wa kurudi ndipo mambo yalipoharibika. Basi lilikufa njiani kabla ya Lusaka, tukalala barabarani. Tulipofika Kapiri Mposhi, treni ya haraka tuliyokuwa na tiketi zake ilikwishaondoka. Tukapata nafasi za kukaa tu katika treni ya kawaida, ile inayosimama kila kituo. Likizo yangu ilikuwa inakwisha, na fedha nazo zilikuwa zimebaki za kuhesabu. Nilinuna kutoka Kapiri Mposhi hadi Tunduma, mke wangu akachoka kunisemesha. Mzee peke yake hakulalamika.

Kwa mwendo ule wa pole, Makambako tulifika alfajiri. Kulipopambazuka treni ilikuwa inaanza kuteremka, na Mzee aliwaamsha wajukuu mmoja mmoja. Aliwaonyesha handaki alikobeba mawe, na mteremko ambao walikuwa wanajifunga kamba kiunoni ili wasiporomoke. Tulipovuka daraja la mto Mpanga, lenye nguzo ndefu kama jengo la ghorofa nyingi, abiria wengine nao walisogea kumsikiliza. Sijapata kumwona akizungumza hivyo.

Mbele kidogo akanyamaza, akavua kofia.

"Ng'ambo ile," akaniambia, "tulimzika mwenzetu, kijana wa Mahenge. Tulikuwa tunakula naye sahani moja. Homa ilimshika wakati wa masika ya 1972, na njia ya kumtolea haikuwepo. Reli ilikuwa haijafika." Akavuta pumzi. "Tangu niondoke hapa sijapaona tena mchana."

Hapo nilikumbuka saa nane ya usiku, na maneno yangu.

Aliniomba nimpigie picha pale dirishani, bonde likiwa nyuma yake. Nikamwambia filamu imekwisha.

"Si neno, mwanangu," akasema. "Nimepaona."

Mzee alifariki mwaka 2003. Picha za maporomoko zimo kwenye albamu, na nyingi kati ya hizo zinaonyesha ukungu tu. Aliyekuwepo tu ndiye awezaye kujua ni za wapi. Ya Mpanga sina. Watoto, ambao sasa ni watu wazima, nikiwauliza juu ya safari ile huanza na habari za Babu na handaki lake, ndipo wafike kwenye maji. Nami najua kwamba lau lile basi lisingeharibika, tungeipita milima ile usiku tena, na huenda ningemwambia tena alale.

Siku hizi nikisafiri na mtu mzima, kiti cha dirishani ni chake, hata kama safari ni ya usiku.