Safari ya Sarajevo: Vitabu, Vita na Amana



Mtu afikaye Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia na Herzegovina, huiona kwanza milima yake. Mji umelala bondeni, mto Miljacka wapita katikati, na vilima vimeuzunguka pande zote kama kuta za ua. Uzuri huo ndio uliogeuka kuwa msiba wake. Tangu Aprili 1992 hata Februari 1996 majeshi ya Waserbia wa Bosnia yalikaa juu ya vilima hivyo, yakaupiga mji kwa makombora na risasi muda wa siku 1,425. Watu zaidi ya 11,000 waliuawa. Siku zile sisi tulizisoma habari hizo katika magazeti, tukasikitika, tukaligeuza gazeti na kuendelea na chakula chetu. Kusoma habari ni jambo moja, na kusimama mahali pake ni jambo jingine.

Matembezi yetu tuliyaanzia Vijećnica, jumba kubwa ukingoni mwa mto, lililojengwa katika miaka ya 1890 zama za utawala wa Austria, na baadaye likafanywa Maktaba ya Taifa. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Agosti 1992 jumba hilo lilipigwa makombora ya moto. Ndani yake mlikuwa na vitabu yapata milioni moja na nusu, na sehemu kubwa iliteketea. Watu wa mji walijipanga mstari, wakipokezana vitabu mkono kwa mkono huku risasi zikivuma. Mtumishi mmoja wa maktaba, Bi Aida Buturović, aliuawa. Majivu ya karatasi yakawa yakiuangukia mji. Leo jumba limekwisha kujengwa upya, na tangu Mei 2014 milango yake i wazi. Kuta zake zimenakshiwa zapendeza mno. Lakini nakshi hurudishwa na fundi. Kitabu kilichokuwa kimoja tu duniani hakirudishwi na yeyote.

Miezi mitatu kabla ya moto huo, tarehe 17 Mei 1992, Taasisi ya Elimu za Mashariki katika mji huo huo ilikuwa imekwisha teketezwa. Huko vilipotea vitabu 5,263 vilivyoandikwa kwa mkono, vya Kiarabu, Kituruki na Kiajemi, na vingine vya Kibosnia kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Jambo hili la mwisho lilitugusa sana. Wazee wetu wa pwani nao waliandika Kiswahili kwa herufi hizo hizo: barua zao, hesabu zao na tenzi zao. Kumbe watu wawili waliokaa mbali hivi, wasiojuana, walishika kalamu kwa namna moja.

Tukishuka na mto, baada ya mwendo mfupi tulifika Daraja la Kilatini. Hapa, tarehe 28 Juni 1914, kijana mmoja alimpiga risasi mrithi wa ufalme wa Austria na mkewe. Wiki chache baadaye Ulaya nzima ilikuwa vitani, na kabla mwaka haujaisha vita hivyo vilikuwa vimefika Taveta na Tanga. Wazee wetu wengi walikamatwa wakapagazwa mizigo ya majeshi, na wengi hawakurudi. Basi nani atasema kwamba mambo ya mji mdogo wa mbali hayamhusu?

Kutoka darajani tulikwenda kuswali katika msikiti wa Gazi Husrev-beg, liwali wa Bosnia katika dola ya Uthmaniya, uliojengwa mwaka 1530 hivi. Karibu na msikiti upo mnara wa saa, na saa yake ilitufanya tutabasamu: jua likichwa, mishale yake huonyesha kumi na mbili. Wageni wengi huidhani kuwa imeharibika. Sisi Waswahili hatukuhitaji kuelezwa. Hivyo ndivyo tunavyohesabu saa nyumbani kwetu. Mtunzaji wake hana budi kuirekebisha mara kwa mara, kwa kuwa jua halichwi wakati mmoja mwaka mzima.

Liwali huyo alijenga pia madrasa, na katika hati ya wakfu wake ya mwaka 1537 aliagiza kwamba fedha zitakazobaki baada ya ujenzi zinunuliwe vitabu vizuri vya kusomesha. Hapo ndipo ilipoanzia maktaba inayoitwa kwa jina lake hata leo. Kitabu kikongwe kuliko vyote vilivyomo ni nakala ya Ihyaa ya Imamu Ghazali, iliyoandikwa mwaka 1106. Imamu alifariki mwaka 1111; yaani wino wa kitabu hicho ulikauka mwenyewe akiwa hai.

Hiki hakikuungua. Kwa nini? Si kwa sababu adui alikihurumia, la hasha. Ni kwa sababu mkuu wa maktaba, Mustafa Jahić, na wenzake wachache walivifunga vitabu katika masanduku, wakavibeba kwa mikono yao na kuvivusha njia zilizokuwa zikilengwa na wadunguzi. Walivihamisha tena na tena, kutoka maficho haya hata haya, kila mahali pa kwanza palipokuwa hapana salama. Miongoni mwao alikuwamo mlinzi wa usiku wa maktaba, Abbas Lutumba Husein, mzaliwa wa Kongo. Mtu wa Afrika yetu hii, kazi yake kulinda mlango, akabeba mikononi urithi wa Waislamu wa Ulaya. Tulipolisikia jina lake tulinyamaza kitambo.

Huenda msomaji akauliza, kama tulivyojiuliza wenyewe usiku ule: Je, ni haki mtu aihatarishe roho yake kwa ajili ya karatasi, na watoto wanakufa mitaani kwa njaa na risasi? Swali hili si la mzaha. Twaamini kwamba roho moja ina thamani kuliko maktaba nzima, na lau watu wale wangelazimisha wengine kubeba, tungewalaumu. Lakini kila mmoja alijitolea nafsi yake mwenyewe. Tena katika maktaba ile yamo madaftari ya makadhi wa mji: nani alioa, nani alirithi, nyumba ipi ni wakfu wa nani. Anayetaka kuwaondoa watu katika nchi yao huanza na roho zao, kisha huunguza karatasi zao, ili kesho aweze kusema kwamba hawakuwapo kamwe. Waliobeba masanduku yale walikuwa wakiwatetea waliokwisha kufa na wasiozaliwa bado. Na wakfu ni amana. Amana haingoji siku za raha.

Tulirejea nyumbani tukiwa na mawazo hayo. Juu ya kabati letu lilikuwako sanduku la bati la marehemu babu yetu, ambalo kwa miaka mingi tulilipangusa vumbi nje tu, wala hatukulifungua. Siku ile tulilifungua. Paa lilikuwa limevuja pembeni, na mchwa walikuwa wamepanda ukutani. Vitabu vitatu vilikuwa udongo mtupu. Kimoja kilisalia, na pambizoni mwake babu alikuwa ameandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Tukawaita watoto wetu wasome. Wamehitimu shule, lakini hakuna hata mmoja aliyeweza.

Haya, ndugu zetu! Sarajevo iliharibiwa na mizinga. Sisi nyumba yetu ilipigwa na nani? Hakuna adui aliyepanda kilimani. Ulikuwa uvivu wetu tu, na mchwa.

Kwa hiyo hatutaki kuyamaliza maneno haya kwa kuwasifu watu wa mbali, kwani sifa ni rahisi. Twajiusia sisi wenyewe kwanza, kisha ninyi: lifungueni sanduku la wazee wenu juma hili, msingoje mwezi ujao. Vitoeni vitabu mahali penye unyevu. Andikeni jina la mwenyewe, na mwaka mkiujua. Mkipata mtu mzima anayeweza kusoma mwandiko ule, mketisheni pamoja na watoto, awasomee na awafundishe herufi, maana wazee hao nao hawatakaa milele. Umma ambao neno la kwanza la wahyi wake lilikuwa amri ya kusoma, utajibu nini ukiulizwa vitabu vyake viko wapi?

Kijana wetu mdogo ameanza kujifunza mwandiko wa babu. Juzi alisoma mstari mmoja, polepole, akikosea na kurudia. Ulikuwa ni hesabu ya deni la pishi mbili za mchele. Tulifurahi kama tuliofunguliwa hazina.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa katika mji ule, awalipe kheri waliobeba, na atujaalie sisi kuwa watunzaji wa amana zetu. Amin.