Tulichoma Samaki Kando ya Mto Pangani

Sisi watu wa Handeni tunaujua ukavu. Kiangazi kikikolea, nyasi zetu huwa kama karatasi. Kwa hiyo mtu wa Handeni akifika Korogwe, kwanza huutazama mto.

Mimi nilikwenda mwezi wa Septemba. Kutoka Handeni mjini hadi Korogwe ni kilometa 65, na siku hizi barabara ni ya lami. Tulipita Sindeni, tukazidi kuteremka. Mbele tuliiona milima ya Usambara. Kisha tukaona mkonge, mistari kwa mistari. Nilishuka, nikatembea kwa miguu mpaka mtoni.

Maji ya mto Pangani hutoka mbali. Huanza katika milima ya Kilimanjaro na Meru. Hukusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, hupita Korogwe na Hale, kisha huingia baharini penye mji wa Pangani. Samaki wake wanajulikana hata nchi za nje. Mwaka 1955 mtaalamu wa Uingereza, Rosemary Lowe, aliandika habari za perege wawili wa huku. Mmoja alimpa jina la Korogwe, na mwingine jina la Pangani. Basi tunapokula perege, pengine tunamla mwenye jina la mji wetu!

Kando ya mto nilimkuta mzee mmoja na mjukuu wake. Walikuwa na ndoana na kikapu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja na chumvi?"

Nilikuwa nayo, na ndimu pia. Hivyo nikawa mgeni mwenye faida.

Walikuwa wamepata perege wanne na kambale mmoja. Nilitaka kuwapaa pale pale majini. Mzee akanikataza. "Mto huu una mamba," alisema. "Usisimame majini na samaki mwenye damu mkononi." Tulichota maji kwa ndoo yenye kamba, tukapanda juu penye uwazi.

Perege tuliwapaa magamba, tukatoa matumbo na mashavu, tukawakata mikato mitatu kila ubavu ili chumvi iingie. Kambale hana magamba, ila ana utelezi. Mjukuu alimsugua kwa majivu, akamwosha, akamkata vipande. Kijana huyo aliishika kazi vizuri kuliko mimi. Alinionyesha hata miiba ya mapezi ya kambale, maana huchoma vibaya.

Sasa moto. Mimi nilikimbilia nguzo kavu za mkonge, zile zinazobeba maua. Ni nyepesi na zinashika moto upesi. Mzee alicheka. Alisema hizo ni za kuwashia tu. Zinatoa ndimi kubwa, kisha zinakwisha bila kuacha makaa. Samaki wa ndimi za moto huungua nje, na ndani hubaki mbichi. Tulitumia kuni kavu za mgunga. Vijiti vya mnyaa tuliviepuka kabisa. Utomvu wake ni sumu, na ukiingia machoni unaweza kumpofusha mtu.

Kabla ya kuwasha, mzee alifyeka nyasi pande zote, akafagia mpaka udongo ukaonekana. Ndipo akawasha. Tulingoja ndimi zife. Makaa yalipoanza kuvaa majivu meupe, mzee aliweka kiganja juu yake, akahesabu polepole. Alifika tano kabla ya kuondoa mkono. "Tayari," alisema.

Perege tuliwabana katika vijiti vilivyopasuliwa, tukavifunga ncha kwa kamba ya mkonge. Tulivichomeka ardhini, vikainamia makaa. Vipande vya kambale vilikaa juu ya vijiti vibichi, mbali kidogo na moto, maana kambale ana mafuta na mafuta yakidondoka huamsha ndimi. Hatukuwa na haraka. Samaki wa mtoni lazima aive hasa, maana anaweza kuwa na vijidudu vya minyoo. Ukivuta nyama penye mgongo, iachane na mfupa, na iwe nyeupe mpaka ndani. Ikiwa bado inang'aa kama kioo, mrudishe.

Tulikula kwa bada ya muhogo iliyotoka nyumbani kwa mzee. Ndimu, chumvi na moshi, basi. Sijawahi kula perege mtamu kama yule. Labda ni njaa.

Tulipomaliza, nilianza kufukia makaa kwa mchanga, kama nilivyozoea. Mzee alinishika mkono.

Nilimweleza jambo ambalo huwa sipendi kulisema. Nikiwa kijana, sisi wenzi watatu tulichoma kambale kando ya bwawa la kijiji chetu, Handeni. Tulifukia makaa, tukaenda zetu. Usiku upepo ulifukua ule mchanga. Makaa yalikuwa hai. Moto ulishika nyasi, ukapanda shambani, ukaunguza ghala la mahindi la jirani. Hakuna aliyekufa, lakini watoto wa nyumba ile walikula kwa kuomba mpaka mavuno. Tulilima shamba lake msimu mzima ili kulipa. Mama yao hakututukana. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akampa mjukuu ndoo.

Kijana alimwaga maji juu ya makaa. Yalilia, moshi ukapanda. Mzee alikoroga majivu kwa kijiti, akasema, "Tena." Kijana alimwaga tena, mpaka majivu yakawa uji. Mzee akaingiza vidole ndani ya uji ule, akazunguka kila upande.

"Nawe weka mkono," aliniambia.

Niliweka. Yalikuwa baridi.

Jioni nilipanda gari la kurudi Handeni. Njiani, pale Sindeni, nilinusa vidole vyangu. Vilikuwa bado vinanuka samaki na majivu.