Sikujikaza

Neno "jikaze" nimelisikia leba kuliko neno lingine lolote. Ukiingia unaambiwa jikaze. Njia ikifunguka sentimita nne, jikaze. Ukilia kidogo, mama jikaze bwana, mbona wenzako wametulia. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa kwa kutii amri hiyo. Nilikaza meno, nikakaza ngumi, nikakaza mpaka vidole vya miguu, na nguvu za kukaza ziliponiishia nikapiga kelele, nikachapwa kofi la paja na mtu ambaye sitamtaja, mahali ambapo sitapataja. Ilichukua saa 19. Mtoto nilimpenda tangu dakika ile ya kwanza, lakini kwa miaka minne kila nikipita karibu na geti la hospitali yoyote, paja langu la kushoto lilikuwa linasisimka lenyewe.

Kwa hiyo mimba ya pili ilipoingia sikufurahi kama watu walivyotegemea. Niliogopa. Nafundisha sekondari Makambako, na katika ofisi ya walimu hakuna siri inayodumu zaidi ya vipindi viwili. Mwalimu mwenzangu wa Biolojia akanivuta pembeni, akaniambia dada yake aliyeko Dar es Salaam alijifungua kwa kitu kinaitwa hipnobathingi. Nikacheka. Nilidhani ni mambo ya kupungwa mapepo. Akanitumia sauti saba kwa WhatsApp, za Kiingereza, mama mmoja anaongea polepole kama anabembeleza mtoto mwenye homa.

Kumbe si mazingaombwe. Asili yake ni daktari mmoja Mwingereza, Grantly Dick-Read, ambaye kitabu chake kilichompa jina kilitoka mwaka 1942. Hoja yake ni nyepesi: mwanamke akiogopa, mwili unakaza, ukikaza, unauma, ukiuma, anaogopa zaidi, na mzunguko unaendelea hivyo hadi mtoto atoke au mama achoke. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mmarekani Marie Mongan akayachukua mawazo hayo akayachanganya na hipnosi, yaani kujizamisha kwenye utulivu kwa pumzi, kwa maneno na kwa picha za kichwani mpaka mwili ulegee huku akili iko macho. Hulali wala hupotezi fahamu. Unafanya mazoezi miezi kadhaa kabla, kila jioni, ili siku ikifika mwili uwe umeshazoea njia.

Na huyu Dick-Read mimi nina ugomvi naye kidogo. Alipenda kuwatolea mfano wanawake wa jamii alizoziona za asili, Waafrika tukiwemo, kwamba sisi tunazaa kama mchezo kwa sababu ustaarabu haujatutia woga. Miaka ya 1950 alizunguka hata bara letu kutazama. Laiti angefika kwa bibi yangu! Bibi alizaa tisa, akazika watatu. Siku nilipomuuliza kama kuzaa kuliuma alinitazama kama niliyemuuliza kama moto unaunguza. Kule kunyamaza kwake hakukuwa kukosa maumivu. Ilikuwa adabu, na woga wa kusemwa kijiji kizima, na mgeni mwenye daftari anaweza kukaa pale mwezi mzima asiione tofauti.

Lakini kuhusu woga alikuwa sahihi, na hilo nililijua kabla sijalisikia jina lake, kwa sababu baba yangu alifanya kazi miaka 26 kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa la serikali kule Kitulo. Wasiokujua: ni uwanda wa juu, zaidi ya mita 2,600, umezungukwa na milima, baridi ya kukata maneno mdomoni. Mwaka 2005 sehemu kubwa ilifanywa hifadhi ya taifa kwa ajili ya maua, si kwa ajili ya simba. Sisi tuliita Bustani ya Mungu kabla ya hifadhi. Ng'ombe wa baba walikuwa wakizaa usiku, na nikimsindikiza alikuwa anachungulia mara moja tu, anashusha utambi wa taa, tunatoka. "Ng'ombe akiona watu wanamkodolea macho, anafunga," alisema. "Akifunga, mnakesha."

Nilipokuja kusoma kwamba adrenalini ya woga inazuia uchungu usiende mbele, sikushangaa hata kidogo. Nilichoshangaa ni kwamba ng'ombe wa Kitulo alizimiwa taa, mimi nikachapwa kofi.

Basi nikaanza mazoezi. Shida ya kwanza ilikuwa zile sauti. Mama yule alinitaka nijione nimelala ufukweni, mchanga wa moto, mawimbi yanakuja na kurudi. Mimi bahari nimeiona mara mbili maishani na mara zote niliogopa kuingia. Halafu wanakataza kusema "uchungu", wanasema "wimbi". Sawa, kwa Kiswahili uchungu ni neno zito, linaanza kukuumiza kabla ya shughuli yenyewe. Ila wakati nikihangaika kutafuta neno la kulegea na kufunguka, nikagundua lipo mdomoni kwetu siku zote: kujifungua. Hapo sikuhitaji tafsiri ya mtu.

Ufukwe nikautupa, nikaweka Hamsini na Saba. Aliyewahi kwenda Matamba kutokea Chimala, barabara kuu ya Mbeya, anazijua. Unaukwea ukuta wa mlima kwa kona zinazojikunja moja juu ya nyingine, na jina lake ndilo idadi yake. Nikiwa mwanafunzi wa bweni nilizihesabu kila likizo nikiwa juu ya magunia nyuma ya lori, maana usipohesabu unatapika. Chini kuna joto la Usangu na mashamba ya mpunga. Juu unakutana na hewa baridi usoni, baadaye uwanda wote, na kama ni Januari au Februari, maua mpaka macho yanapochoka: okidi za kila namna, na yale marefu yenye vichwa vyekundu kama makaa. Uchungu mmoja unachukua dakika moja hivi. Kona 57, pumzi ndefu, kona tatu kwa kila pumzi. Mume wangu akawa mhesabuji. Alikuwa anakosea kwenye thelathini kila siku.

Halafu mtoto akakataa kutoka.

Wiki ya 40 ikapita. Wiki ya 41 ikapita na siku tatu. Kliniki wakaniambia kondo la nyuma likikaa muda mrefu linaanza kuchoka, mtoto anaweza kupungukiwa humo ndani bila kutoa taarifa, kwa hiyo niende Njombe nikaanzishiwe uchungu. Nililia kwenye bodaboda. Sauti zote saba zilikuwa zinazungumzia mwili unaojua wakati wake, na mwili wangu mimi ulikuwa haujui. Tena kuanzishiwa kila mtu anakwambia kunauma mara mbili, kwa sababu hakupandi taratibu. Mama mkwe, ambaye hakuwahi kuzielewa zile sauti lakini alikuwa anazima redio nikianza kuzisikiliza, aliniuliza swali moja tu: "Kwani mwanangu, ulijifunza kupumua kwa ajili ya uchungu wa siku gani?"

Njombe mwezi wa pili kulikuwa na mvua na ukungu mpaka dirishani. Saa mbili usiku wakaanza. Kidonge kimoja cha misoprostoli kiliyeyushwa kwenye mililita 200 za maji, na kila baada ya saa mbili nikanywa mililita 25. Maji tu, hayana hata ladha ya maana. Usiku kucha tumbo lilikuwa linabana na kuachia kama mtu anayejaribu mlango. Nikahesabu kona. Nilikuwa nafika kona ya 40, ya 45, inaachia. Asubuhi sentimita tatu.

Mkunga wa zamu ya mchana alikuwa mmoja kwa kina mama watano, na hilo nitalisema kwa sababu kofi la mwaka ule lilitoka kwenye hesabu ya namna hiyo hiyo, ingawa halikustahili kutoka. Huyu hakuwa na muda wa kunibembeleza ila alikuwa na masikio. Nilimwambia, "Sista, nikinyamaza usidhani nimezimia, nahesabu. Na naomba ile taa." Akacheka. Taa zilikuwa mbili za mirija, ya kwangu ikiwa inapepesa. Akasema ya katikati haizimwi, anahitaji kuona damu. Hii ya kwangu akaizima.

Saa tano akaning'iniza dripu. Oksitosini ina historia ndefu. Mwaka 1906 Mwingereza Henry Dale aligundua kwamba maji ya tezi fulani ya chini ya ubongo yanaubana mfuko wa uzazi, na Vincent du Vigneaud aliyeitengeneza maabara alipewa Nobeli ya Kemia mwaka 1955. Inatakiwa kutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na nilipoliwaza hilo nilicheka peke yangu, kwamba kwetu Kitulo kuna usiku ungeiweka tu dirishani.

Kicheko kiliisha haraka. Matone 10 kwa dakika, nikawa napanda vizuri. Nusu saa baadaye 20. Bado napanda. Kwenye 30 mambo yakabadilika: nilikuwa sijateremka mlima mmoja, mwingine umeshaanza. Hakukuwa tena na Chimala. Nilianzia kona ya 20, nikarudishwa ya tano, nikapotea. Iliuma. Nalisema hivyo kwa sababu zile sauti zinaahidi zaidi ya zinavyoweza kutoa, na dada yeyote atakayeingia leba akiamini hatasikia maumivu ataona ameshindwa yeye, wakati kilichoshindwa ni tangazo. Nilipiga kelele. Si kidogo. Mama wa kitanda cha jirani, naye akiwa na yake, akaniambia pole mwalimu.

Lakini kuna kitu ambacho mara ya kwanza sikuwa nacho. Nilipopiga kelele, ngumi zilikuwa wazi. Miezi yote ile ya jioni ilikuwa imeifundisha mikono yangu kulala chali, viganja juu, na ilibaki hivyo hata akili ilipokimbia. Taya lililegea. Na katikati ya uchungu mmoja na mwingine, hata kama ni nusu dakika, nilikuwa nafika juu kabisa, kwenye baridi, nalala kwenye maua yale mekundu. Nililala kweli, jamani. Mkunga alinigusa akihofia, akaweka kile kipembe tumboni akasikiliza mapigo ya mtoto, akasema huyu mbona anakoroma.

Saa tisa na nusu alinipima: sentimita tisa. Saa kumi na dakika kumi mtoto akatoka, wa kike, kilo 3.4, kelele zake zikazidi zangu. Mkunga akamweka kifuani kwangu, akanipangusa jasho na kona ya khanga, akasema kwa sauti ya kumsifu mtu, "Mwalimu, umejikaza sana."

Nilitaka kumrekebisha. Nilikuwa na maelezo yote tayari, ya woga na misuli, na bibi yangu na yule Mwingereza. Lakini alikuwa ameshageukia kitanda cha jirani, ambako mwenzangu alikuwa anaomba maji, nikamsikia anamwambia jikaze mama, halafu akasita. Akaenda kuzima nini sijui, sikuona vizuri.

Jioni mume wangu aliniletea uji na simu, baba yuko hewani kutoka Matamba. Mtandao wa kule unategemea wingu limekaa wapi. Alimuulizia mtoto, akauliza jina, akamshukuru Mungu mara tatu. Kisha akakaa kimya, nikadhani amekatika.

"Taa walizima?" akauliza.

"Walizima moja, baba."

Akafikiri. "Moja si haba," akasema, kisha akaniuliza kama nimeshakula.