Mtoto mchanga hadeki, anautafuta uso wako

Karibu kila mzazi mpya amewahi kuambiwa na mama mkwe, wifi au jirani: "Mlaze huyo mtoto, atazoea mikono."

Mwaka jana sentensi hiyo ilileta mvutano nyumbani kwetu. Dada yangu alijifungua kabla ya siku zake, mtoto akiwa na kilo 1.6. Wodini wauguzi walimfundisha kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, mtoto akiwa na nepi, soksi na kofia tu, huku wakifungwa pamoja kwa kitenge. Aliporuhusiwa aliendelea hivyo hivyo nyumbani. Shangazi yetu, aliyelea watoto sita, hakupendezwa. "Mnamharibu," alisema. Kisha akanigeukia mimi ninayeandika habari za afya: "Haya msomi, vitabu vinasemaje?"

Nilianza na uhai, kwa sababu ndilo jambo kubwa zaidi. Kubeba mtoto namna ile kulianza mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, kwa daktari Edgar Rey Sanabria, ambaye hospitali yake ilikuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za kuwatunza. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, kwa watoto wenye uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 12. Waliosubiri kwanza hadi hali zao zitengemae, walikuwa asilimia 15.7. Tofauti hiyo ni watoto walio hai leo.

"Huyo ni njiti," shangazi akasema. "Na aliyetimiza miezi tisa je?"

Hapo ndipo tunapowadharau watoto wachanga. Tunadhani haoni, hajui, ananyonya na kulala tu. Kweli haoni mbali. Anachokiona vizuri zaidi kiko umbali wa sentimita 20 hadi 30, ambao ni kama umbali wa kutoka kwenye titi hadi usoni kwa mama. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani waliwapima watoto 40 waliokuwa na umri wa takriban dakika 9. Waliwapitishia michoro mbele ya macho. Mchoro wenye macho, pua na mdomo mahali pake waliufuata kwa macho na kichwa kuliko ule uliovurugwa. Watoto hao walikuwa hawajakaa duniani hata robo saa, lakini tayari walikuwa wakitafuta uso.

Sauti ya mama nayo anaijua siku chache tu baada ya kuzaliwa, kwa kuwa aliisikia tangu tumboni. Akifikisha wiki sita hadi nane, anaanza kukujibu kwa tabasamu.

Kuna jaribio moja ambalo kila nikilitazama kwenye video hunichoma moyo. Lilibuniwa miaka ya 1970 na mwanasaikolojia Edward Tronick. Mama anacheza na mtoto wake, kisha anaambiwa akaze uso kwa dakika chache, asicheke wala asiseme. Mtoto anashtuka. Anatabasamu, ananyoosha mikono, anapiga kelele ili mama arudi. Akishindwa, anageuza uso pembeni na kunywea. Mama hajamfinya wala hajaondoka. Amemnyima uso tu.

Akikaribia mwaka, uso wako unakuwa mwongozo wake. Katika utafiti wa mwaka 1985, watoto wa miezi 12 waliwekwa juu ya kioo kinene ambacho chini yake palionekana kama pana shimo, mama akiwa upande wa pili. Kati ya watoto 19 ambao mama zao walitabasamu, 14 walivuka. Kati ya 17 ambao mama zao walionyesha hofu, hakuna hata mmoja aliyevuka.

Mguso nao una lugha yake. Ngozi ina mishipa ya fahamu inayoitikia hasa mguso wa taratibu. Watafiti waliwapapasa mkono kwa brashi laini watoto wa miezi 9, na kwa mwendo wa kama sentimita 3 kwa sekunde mapigo ya moyo yao yalishuka, dalili ya utulivu. Hapo shangazi akacheka. Ndivyo alivyokuwa akiwakanda wanawe kwa mafuta ya nazi kila jioni, huku akiwaimbia. Alikuwa akifanya haya yote kabla sijazaliwa.

Kwa hiyo mtoto wa miezi ya mwanzo anayelia akilazwa hadeki. Anatafuta joto, harufu, sauti na uso anaoujua. Mbebe. Baba pia ambebe, kwani kifua chake kina joto vilevile.

Hili lisikutie hofu. Hakuna mzazi anayecheka na mtoto saa 24. Kuna kupika, kufua na kuchoka. Katika jaribio la Tronick, mama akirudi na kumwita, wengi hurudi kuchangamka baada ya muda. Kurudi ndilo jambo la muhimu. Ila mama mwenye huzuni isiyoisha kwa zaidi ya wiki mbili, anayemtazama mwanawe asihisi chochote, asisemwe kuwa ana roho mbaya. Huo ni ugonjwa unaotibika, na familia imsindikize kliniki.

Nawe unayesoma haya kwenye simu huku unanyonyesha, angalia chini kidogo. Kuna macho mawili yanayokusubiri sentimita 30 kutoka usoni kwako. Makala hii unaweza kuimalizia akilala.